Ponti (difu) inalia: soma mafuta kabla ya kutafuta ponti nyingine

Jumamosi moja kamionete ya Land Cruiser, HZJ79, ilishuka kutoka Kamituga na mzigo wa magunia, ikaingia uani kwa gereji yetu Kadutu, Bukavu, ikilia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Shoferi alishuka, matope hadi magotini. "Papa, ponti ya nyuma imekufa. Patro amesema tutafute ingine." Nikamjibu, "Pole na safari, mwanangu. Kunywa chai kwanza, tuione." Nikachukua kle (spana) ya 24 na beseni jeupe la plastiki. Kilichotoka ndani kilikuwa na rangi ya ile chai ya maziwa aliyoshika mkononi. Kurone, gia kubwa ya ndani, ilikuwa nzima, meno yake hayana hata kovu. Rulma (beringi) moja ya pinyo, gia ndogo, ndiyo ilikuwa imeanza kuliwa na kutu. Na juu kabisa ya ponti, kipumulio, kidude kisichozidi ncha ya kidole gumba, kilikuwa kimezibwa na udongo mwekundu ulioganda kama tofali.

Ponti nyingi nilizofungua zikiwa zimehukumiwa kufa, ugonjwa wao ulikuwa huo au ndugu yake: maji yaliingia, au mafuta yalitoka, na hakuna aliyeangalia. Kurone na pinyo mpya ni pesa nyingi sana, na ponti ya mtumba ni bahati nasibu. Ndiyo maana nataka mwenye gari na shoferi wajue kusoma dalili wenyewe kabla hawajakubali kufungua mfuko.

Maneno kwanza, ili tuelewane. Tunachokiita ponti hapa Bukavu, ndugu zetu wa Arusha na Nakuru wanakiita difu. Kardani inaleta nguvu kutoka kwenye giaboksi na kuzungusha pinyo, gia ndogo. Pinyo inazungusha kurone, gia kubwa ya duara. Katikati ya kurone zimo gia ndogo tunazoita satelite, zinazoruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi ya la ndani wakati wa kona. Spi ni ile mpira inayozuia mafuta yasitoke. Kwenye baadhi ya Land Cruiser za aina hii kurone ina meno 37 na pinyo 9, kwa hiyo pinyo inazunguka mara nne na kidogo kila gurudumu linapozunguka mara moja. Kumbuka hesabu hiyo: rulma za pinyo zinafanya kazi mara nne ya nyingine, na mafuta yakiharibika ndizo zinazolia mwanzo.

Kizibo cha juu kwanza, kila mara

Kabla ya dalili yoyote, sheria moja ambayo sitaki mtu aivunje. Ponti ina vizibo viwili: cha chini cha kumwagia na cha juu cha kujazia. Legeza cha juu kwanza. Kikikubali, ndipo uguse cha chini.

Nimejifunza hili njiani kuelekea Mwenga, miaka mingi iliyopita. Nilimwaga mafuta yote, kisha nikageukia kizibo cha juu. Gereji moja iliyotangulia ilikuwa imekikaza kwa patasi na nyundo, pembe zote zimekuwa duara. Kle haishiki. Ponti tupu, gari limebeba, mvua inakuja. Tulilala pale siku mbili mpaka akapatikana mtu mwenye mashine ya kuchomea, akabandika nati juu ya kizibo, tukafungua kwa nati hiyo. Kama ningeanza juu, ningeondoka na mafuta ya zamani ndani na kufika bila shida.

Kizibo kigumu kisafishe kwanza kwa brashi ya waya, ukipige kidogo usoni kwa nyundo, ukimwagie mafuta ya kupenya na ukiache nusu saa. Tumia kle inayokamata pande zote sita, si ile ya mdomo wazi. Na gari lisimame kwenye magogo ya mbao au stendi za chuma. Mawe na matofali yanapasuka bila kutoa taarifa, na wewe uko chini.

Inalia: je, ni ponti kweli?

Ondoa kwanza shaka ya tairi. Tairi za matope zinaimba kwenye lami. Pita sehemu ya lami kisha ya udongo kwa mwendo uleule: sauti ikibadilika sana, ni tairi. Kisha, barabara ikiwa wazi, yumbisha gari polepole kushoto na kulia. Sauti inayoongezeka ukielemea upande mmoja mara nyingi ni rulma ya gurudumu la upande unaoelemewa.

Ikiwa gari lina vitasa vya magurudumu ya mbele vya kugeuza kwa mkono, vile vya LOCK na FREE, una kipimo cha bure. Vikiwa FREE na umetoka kwenye 4x4, ponti ya mbele na kardani yake hazizunguki kabisa. Endesha hivyo, kisha geuza LOCK bila kuingiza 4x4 na urudie njia ileile. Kelele ikija na LOCK, angalia mbele. Isipobadilika, ponti ya mbele haina kosa, hata fundi akiapa.

Ukishajua ni ponti, sikiliza inalia lini. Inayolia unapokanyaga mafuta na kunyamaza unapoachia inaonyesha upande wa meno unaosukuma gari mbele: meno yameliwa, au pinyo na kurone hazikupangwa vizuri baada ya kufunguliwa. Inayolia unapoachia, kama unapoteremka Ngomo kwa gia ya pili na injini inashika gari, mara nyingi ni pinyo iliyolegea, nati yake imerudi au rulma zake zimechoka. Mngurumo mzito usiojali kukanyaga wala kuachia, unaofuata mwendo tu, ni rulma. Kelele ya kwenye kona pekee, barabara nyoofu kimya, ipeleke kwa satelite au rulma za magurudumu.

Mlio wa tok, tok, tok unaohesabika, unaokwenda na mzunguko wa gurudumu, ni wa kusimama papo hapo. Hilo ni jino lililovunjika au kipande cha chuma kinachozunguka ndani. Mafuta mapya hayatatibu. Kila kilomita unayoongeza inageuza jino moja kuwa ponti nzima, na ponti ikikwama ghafla mteremkoni gurudumu linafunga.

Kusoma mafuta

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pote. Acha gari lilale usiku mzima bila kusogezwa. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yatakaa chini. Asubuhi, kizibo cha juu kikiwa kimeshakubali kulegea, legeza cha chini taratibu bila kukitoa, ukiweka beseni jeupe. Matone ya kwanza yakiwa maji meupe au ya kutu, umepata jibu kabla hata hujamwaga.

Mafuta ya rangi ya asali au kahawia yenye uwazi ni mazima. Meusi yenye harufu ya kuungua yamekaa muda mrefu au yamepata moto mwingi. Ya rangi ya chai ya maziwa yamechanganyika na maji, na hapo usijidanganye kwamba mafuta bado ni mazito kwa hiyo yanafaa. Maji yanavunja ile ngozi nyembamba ya mafuta kati ya meno, na yanaweka kutu kwenye rulma gari likiwa limepumzika tu.

Kisha futa kizibo cha chini. Vizibo vingi vina sumaku. Ute wa kijivu laini, kama udongo wa mfinyanzi uliosagwa, ni wa kawaida, hasa mafuta yakiwa ya siku nyingi. Upake kati ya vidole viwili: kama ni laini kabisa, futa, endelea na maisha. Ukisikia chembe zinakwaruza, ziweke juani. Vipande vyembamba kama magamba ya samaki wadogo hutoka kwenye njia ya rulma inayomenyuka. Kipande chenye kona na upande unaong'aa ni jino. Magamba yanakupa muda wa kupanga kazi. Jino halikupi.

Yakitoka maji, jaza mafuta ya bei nafuu ya aina sahihi, tembea km 50 hadi 100 bila mzigo, mwaga tena, ndipo ujaze mazuri. Wako wanaosuuza kwa mazutu (dizeli) na kuzungusha gari nayo. Nawaomba waache. Mazutu inaosha kila kitu, pamoja na ulinzi wa meno, na nyingine inabaki pembeni kwenye mikono ya ponti ikisubiri kuyapunguza mafuta mapya.

Maji yanaingiaje?

Ponti ikipanda mlima na mzigo inapata moto, na hewa iliyomo inatanuka. Hewa hiyo hutokea kwenye kipumulio. Sasa shoferi anaingia mtoni na ponti ya moto. Maji baridi yanaipoza kwa dakika chache, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kama kipumulio kiko chini na kimezama, kinavuta maji. Kama kimezibwa na udongo, mvuto unahamia kwenye midomo ya spi, na spi imetengenezwa kuzuia kitu kisitoke, si kuzuia kisiingie.

Kipumulio kilichozibwa kina ubaya wa pili, wa barabara kavu: hewa ya moto ikikosa njia inasukuma mafuta yatoke kwenye spi. Mwenye gari anabadilisha spi mara tatu kwa mwaka, analaumu spi za soko, kumbe spi hazina hatia. Kabla ya kubadilisha spi yoyote, ng'oa kipumulio, kioshe kwa mazutu, kipulize kwa mdomo. Kifuniko chake kicheze. Dawa ya kudumu ni kukitoa, kufunga bomba la mpira linalostahimili mafuta, na kulipandisha mpaka karibu na boneti au juu ya fremu nyuma ya kabini, mdomo ukitazama chini na kichujio kidogo cha mafuta ya gari mwishoni. Liache bomba lilegee kidogo, maana ponti inacheza juu na chini. Kwa njia za Shabunda na Kamituga, kuanzia mvua za Septemba, kazi hii ya saa moja naiweka mbele ya tairi mpya.

Na kabla ya kuingia mtoni, pumzisha gari dakika kumi au kumi na tano ukingoni. Hata kipumulio kikiwa kizuri.

Inavuja

Mahali mafuta yanapotokea panaeleza mengi. Yakitoka mbele, pale kardani inapoungana na ponti, ni spi ya pinyo. Shika kardani uitikise juu na chini kabla ya kununua spi: ikicheza, rulma ndiyo iliyoiua spi, na spi mpya itakufa vilevile. Kama haichezi, weka alama ya nati kwa patasi kabla ya kuifungua na hesabu mizunguko yake. Kwenye ponti nyingi nyuma ya nati hiyo kuna bomba fupi la chuma lililokandamizwa kwa kipimo ili kuzibana rulma. Anayeikaza nati kwa bomba refu "ili isilegee tena" analikandamiza zaidi, rulma zinabanwa, na baada ya safari moja zinaungua.

Mafuta kwenye ukingo wa ndani wa gurudumu la nyuma ni hatari kuliko yote, maana yanaelekea kwenye breki. Fungua tambua, ile ngoma ya breki, leo, si wiki ijayo. Breki zilizolowa mafuta ya ponti mimi sizioshi na kuzirudisha. Bukavu ni mji wa miteremko.

Mbele kuna ujanja wake. Ile duara ya chuma nyuma ya gurudumu, inayogeuka na usukani, hujazwa grisi, na mafuta ya ponti hayatakiwi kufika humo. Ukiona duara limelowa uji mweusi mwepesi unaotiririka, spi ya ndani ya mhimili imepasuka: mafuta ya ponti yanahamia kwenye grisi na kuiyeyusha. Watu wengi hufuta nje na kuongeza grisi. Huku ponti ya mbele inabaki kavu. Kwa hiyo duara likivuja uji, pima kiwango cha ponti ya mbele siku hiyohiyo.

Inagonga ukiweka gia

Zima injini, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, gia isiwe popote. Lala chini ushike kardani kwa mikono miwili na kuizungusha mbele na nyuma. Tazama misalaba ya kardani: upande mmoja ukitangulia kusogea na mwingine ukichelewa, msalaba umeliwa, na ni kazi nafuu. Kama misalaba imeshika na kardani inazunguka kidogo kabla ponti haijajibu, nafasi hiyo iko ndani. Kidogo ni lazima iwepo, gia haziwezi kubanana kabisa. Kinachonitia wasiwasi ni nafasi iliyoongezeka tangu mara ya mwisho, na ndiyo sababu ninaiwekea alama ya rangi kwenye kila gari ninalolihudumia.

Inapata moto kupita kawaida

Baada ya kupanda na mzigo, ponti kuunguza kiganja si ajabu. Baada ya km 10 za tambarare bila mzigo, huo ni ugonjwa. Sababu ninazozikuta: mafuta kidogo, rulma zilizobanwa mno, au mafuta yaliyozidi.

Iko ya nne, na inahitaji jicho. Gari lililowekewa ponti ya mtumba upande mmoja linaweza kuwa na hesabu ya meno tofauti mbele na nyuma. Kwenye matope halisikiki. Kwenye ardhi kavu ukiingiza 4x4 linakuwa zito, linabana, linataka kusimama. Pima hivi: gia na kile kigia cha 4x4 vyote viwe katikati, inua gurudumu moja tu la ponti, lingine likae chini. Zungusha la juu mara mbili kamili (kwa kuwa lingine limesimama, kurone inazunguka mara moja tu) huku mwenzako akihesabu kardani. Ponti ya kawaida yenye 37 kwa 9 itakupa mara nne na kidogo. Rudia kwenye ponti nyingine, vitasa vya mbele vikiwa LOCK. Zikitofautiana, usiingize 4x4 tena mpaka zilingane.

Mafuta gani, kiasi gani

Kwa ponti za aina hii tafuta mafuta ya gia yenye alama ya GL-5, uzito wa 80W-90 au 85W-90. Pinyo haikutani na kurone katikati, inakaa chini kidogo, kwa hiyo meno hayazunguki tu, yanasuguana kwa kuteleza chini ya uzito mkubwa. GL-5 ina dawa ya salfa na fosforasi kwa kazi hiyo. Mafuta ya injini hayana ulinzi huo, na hapa macho yanadanganya: 90 ya gia na 40 au 50 ya injini zinakaribiana uzito, kwa kuwa hupimwa kwa vipimo viwili tofauti. Anayekuuzia kwenye bidoni isiyo na lebo anaweza kukupa chochote, na kwa kidole huwezi kutofautisha. Nunua chupa iliyofungwa. Wala usimalizie GL-5 iliyobaki kwenye giaboksi bila kusoma kitabu cha gari, kwa sababu baadhi ya dawa zake zinaumiza pete za shaba zilizomo. Ponti yenye mfumo wa kuzuia kuteleza inataka mafuta yake maalumu. Ukiweka ya kawaida, itatetemeka kwenye kona.

Land Cruiser inachukua karibu lita 3 kila ponti, lakini kipimo halisi ni tundu: mafuta yafike mdomo wa chini wa kizibo cha juu mpaka yaanze kudondoka, gari likiwa tambarare. Kwa Bukavu tambarare ni shida ya kweli. Ukisimama pua ikitazama mlimani, mafuta ya ponti ya nyuma yanarudi kwenye tundu mapema, unafunga ukidhani imejaa. Pua ikitazama bondeni, unazidisha. Mimi naweka chupa ya maji iliyojaa nusu juu ya fremu, nainua upande mmoja mpaka mstari wa maji ukae sawa, ndipo najaza.

Mwaga mafuta yakiwa ya uvuguvugu, baada ya kuendesha kidogo, isipokuwa siku unayotafuta maji. Weka washa mpya za vizibo. Mafuta ya zamani yatie kwenye bidoni na uyafunge. Maseremala wanayachukua kupaka nguzo dhidi ya mchwa, na hayana ruhusa ya kwenda Ruzizi wala ziwani.

Ile kamionete ya Kamituga tuliibadilishia rulma na spi ya pinyo, tukaisuuza mara moja, tukapandisha kipumulio. Nilimwomba shoferi apite tena baada ya km 500. Alipokuja nililegeza kizibo cha juu, nikaingiza kidole: kiwango palepale, rangi ya asali. Nikaandika tarehe na kilomita kwa rangi nyeupe kwenye mwili wa ponti, akaondoka na mzigo wa simenti.